Kidole cha Mama Mkwe

Waya ilikuwa imetokeza kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu wa kulia, imepindwa kichwa kama ndoana, na Jael Naliaka alikuwa hataki kuitazama tangu siku aliyotoka thieta, chumba cha kupasulia. Mtu aliyezaa watoto sita bila kulia, aliyepandisha magunia ya mahindi kwenye trekta kwa mabega yake, leo alikuwa anageuzia uso wake ukutani kwa sababu ya kipande cha chuma kisichozidi sindano ya kushonea magunia.

"Mama, sikiza vizuri," daktari wa mifupa alimwambia asubuhi aliyomruhusu. "Kile kiungo kilikuwa kimeliwa. Nimekisafisha, na hiyo waya ndiyo inashikilia mfupa upone ukiwa umenyooka. Usikanyage na vidole. Kisigino peke yake, na hicho ni cha kwenda chooni tu. Mguu ukae juu kuliko moyo. Na usisafiri mpaka niitoe."

"Mvua imekaribia, daktari. Huko Chekalini watu wameshalima. Mahindi hayajipandi."

"Mahindi yatapandwa na wengine. Kidole ni chako peke yako."

Kilichomleta Jael hospitalini ni mahindi hayo hayo. Kwa muda mrefu kidole kilikuwa kimegoma kukunjika; akipiga magoti kanisani machozi yanamtoka kabla sala haijaanza, akiinama kupalilia mguu unawaka hadi nyongani. Alikubali kupasuliwa ili arudi shambani mzima, si ili akae juu ya mito kama bibi harusi.

Binti yake Maurine alikuwa amesimama kando ya kitanda na kikapu cha nguo. Maurine aliuza sare za shule katika duka moja mjini, na alikuwa na nyumba ya vyumba viwili ya kupanga mtaani Shieywe, mwendo mfupi tu kutoka hospitalini. Kwa mtu wa kabila lingine mambo yangekuwa yamekwisha hapo: mama mgonjwa, binti ana nyumba, basi. Lakini nyumba ya Maurine ilikuwa pia nyumba ya mumewe, Hezekiah Shikanga, na kwao Jael mama mkwe halali chini ya paa analolala mume wa binti yake. Hampi mkono, hamtaji jina, hali mbele yake, hamkazii macho. Wakikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Hiyo si chuki, jamani. Ni heshima iliyopaliliwa vizazi na vizazi mpaka ikawa ua refu, na huko kwao watu waliishi kwa amani kila mmoja upande wake wa ua.

"Nipeleke nyumbani," Jael alisema. "Waya ikihama, ihame."

"Mama, kuna jirani yangu anaitwa Muhonja. Anakaa peke yake, mlango wa pili kutoka kwetu. Unaweza kulala kwake na mimi nikuangalie."

"Huyo Muhonja ndiye atamwaga karai langu?"

Mgonjwa asiyeweza kuchuchumaa kwenye choo cha shimo hana budi kutumia karai, na karai halijimwagi.

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha," mama akaendelea. "Mwosha wangu hatakuwa mtu nisiyejua hata kwao ni wapi."

Hapo ndipo Maurine aliposema uongo. Alisema haraka, akiwa ameinama kufunga kikapu ili macho yake yasionekane. Alisema Hezekiah hayupo, amepata kazi ya kutengeneza madawati ya shule huko Mumias, na hatarudi mpaka mwezi uishe. Jael alimtazama kwa muda. Nyumba isiyo na mwenyewe, akawaza, ni nyumba ya binti yangu. Akanyoosha mkono aletewe leso yake.

*

Wiki ya kwanza ilikuwa ya maumivu, ya pili ikawa ya mwasho, na Jael hakujua ipi ilikuwa mbaya zaidi. Alitandikiwa godoro sebuleni, maana kitanda cha mtu na mumewe hakikaliwi na mama mkwe hata mwenyewe akiwa Uganda. Mguu wake uliwekwa juu ya matakia ya kochi, yakipandana. Akiushusha kidogo tu, damu ilikuwa inateremka kidoleni kwa kishindo, kidole kinavimba na kuwa cha zambarau, naye anaurudisha juu upesi huku akiomba msamaha kana kwamba kidole kimekuwa mtu mzima wa kuheshimiwa.

Asubuhi Maurine alimuogesha akiwa ameketi kwenye kigoda, mguu umefungwa mfuko wa plastiki na kuwekwa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Kisha alimwaga karai, akalisuuza, akalirudisha likiwa limefunikwa sinia, akampikia uji, akaenda kazini akikimbia. Jael alibaki peke yake akihesabu mabati. Nje kulikuwa na sauti za watu wenye miguu: wanawake wakiteka maji, watoto wakifukuzana, mtu akipasua kuni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wahenga walisema; yeye alikuwa amepita siku zote hizo bila hata kupewa mboga achambue, kwa sababu Maurine hakutaka achoke.

Jambo moja lilimfurahisha. Kila asubuhi alipofungua mlango wa nyuma, Maurine alikuta vipande vya mbao vikavu vimerundikwa karibu na jiko, vya kutosha kupikia siku nzima.

"Unanunua wapi kuni nzuri hivi?" Jael aliuliza siku moja.

"Kuna mtu analetanga," Maurine alijibu, akaenda kutazama sufuria iliyokuwa haina kitu.

Aliyemtembelea mchana alikuwa Muhonja, jirani wa mlango wa pili. Muhonja alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mjane kama Jael, aliyekaanga mandazi alfajiri na kwenda kuwauzia wanafunzi waliopanga vyumba Shirere. Akirudi na beseni tupu alipitia kwa mgonjwa, akaketi mlangoni, akanyoosha miguu yake yote miwili, na kuzungumza. Habari za Shieywe nzima alikuwa nazo, na kama hana, anaunda. Jael alimsikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani, hakuichagua lakini hana jinsi ya kuizima.

"Mama Maurine," Muhonja alianza siku hiyo, akitazama nje kwanza kisha ndani. "Mkwe wako ako wapi?"

"Mumias. Ana kazi ya madawati."

Muhonja aliguna. Alichukua kipande cha ndizi kilichokuwa kwenye sahani ya mgonjwa, akakila chote, ndipo akaendelea.

"Basi Mumias imehamia Shirere. Mimi namuonanga kila asubuhi huko. Anatoka kwa vile vibanda vya mbao, shati imekunjana, uso haijaoshwa, ananunua mandazi mbili. Nikimuuliza, Fundi, unararanga wapi siku hizi? Anacheka tu. Mwanaume wa kucheka asubuhi na uso haijaoshwa, mama, hajarara peke yake."

"Labda ni mtu mwingine."

"Shikanga fundi? Mwenye kutembea kama anapima mbao? Mimi simuharibii jina, watu ndio wanasema. Ati kuna mwanamke. Na mimi najiuliza tu, huyu mama amengoja mjukuu miaka mitatu, atampata wapi? Baba ako Shirere, mama ako Shieywe. Ama siku hizi wanatumanga kwa posta?"

Akacheka mpaka matiti yakatikisika. Jael hakucheka. Alishusha mguu bila kujua, na kidole kikampigia kelele.

*

Maurine aliporudi jioni alikuta uji wa mchana haujaguswa. Mama yake alikuwa ameketi wima, amejifunga leso kichwani kama mtu anayekwenda kwenye baraza.

"Keti," Jael alisema. "Mumeo yuko na mwanamke Shirere, na wewe unamfichia. Tangu lini?"

"Mama, nani amekwambia?"

"Mlango umeniambia. Jibu."

Maurine aliketi kwenye kigoda cha kuogea. Alianza kusema kitu cha Mumias, akakiacha njiani, kisha akalia kwa namna ambayo mama yake hakuwa amemsikia akilia tangu akiwa msichana mdogo, midomo imefumbwa na mabega yanatikisika.

"Hana mwanamke. Analalanga kwa kibanda chake. Siku ile ulikuwa thieta alisema, mama hatakubali kuingia kama niko ndani, na akirudi Chekalini mguu itaharibika. Wacha mimi nitoke. Akachukua blanketi moja na mwavuli. Analalanga juu ya maranda, mama, zile takataka za randa. Hizo kuni unasifu ni yeye analetanga kabla hujaamka, halafu anazunguka nyuma ya choo ili usimuone."

"Na wewe ukaniambia Mumias."

"Ningekuambia ukweli ungekubali?"

Wote wawili walijua.

"Watu wanasema nini?" Jael akauliza baadaye, sauti imepungua.

"Wanasema tumeachana. Dukani wananiuliza kama nimehama. Mama yake ametuma mtu juzi kuuliza kama ni kweli nimemfukuza mtoto wake kwa nyumba alilipia, na mimi sijamzalia hata kitoto kimoja. Hezekiah anasema niwache waongee, waya ikitoka atarudi." Maurine alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Lakini anakohoa. Yale maranda yanamuingia kifuani. Na akikuja hapo nyuma anaongea na mimi kama mwizi, dakika moja, ameshaenda."

Ule usiku ulipita hivyo hivyo. Asubuhi Jael alikuwa ameshaamua. Alimpenda binti yake na alikuwa amekiogopa kidole chake, na sasa aliona wazi kwamba vitu hivyo viwili haviwezi kukaa nyumba moja. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwanamume akiambiwa kila siku kwamba ana mwanamke Shirere, siku moja atakwenda kumtafuta aliko. Ndoa ya Maurine haikuwa na mtoto wa kuishikilia. Ilishikiliwa na Hezekiah kurudi jioni na Maurine kumfungulia, na yeye Jael alikuwa amejilaza katikati ya mlango huo na mguu wake juu.

*

Alingoja Maurine aondoke. Alivaa gauni lake la safari, akafunga mguu kwa mifuko miwili ya plastiki, akachukua ufagio wa kupigia deki na kuugeuza kichwa chini uwe mkongojo. Nia yake ilikuwa kufika barabara kuu na kupata gari la kwenda Chekalini kwa Simiyu, kijana wake aliyebaki na shamba. Akifika huko, hata waya itoke masikioni, nyumba ya watu itakuwa imefunguka.

Mvua ilikuwa imenyesha. Ulikuwa ule mwaka wa kabla ya El Nino, na mvua za Machi zilikuwa zimewahi, zimeacha udongo mwekundu unaoteleza kama mrenda. Jael alitembea kwa kisigino, hatua na kupumzika, hatua na kupumzika, akishika michongoma ya watu. Alikuwa ameshapita plot ya tatu na kuanza kujisifu alipofika kwenye mtaro uliolazwa ubao. Mtu aliyezoea kuvuka mito ya Lugari na gunia kichwani, ubao ni nini? Mguu wake ukafanya kile ulichofanya maisha yake yote palipo na utelezi: ukashika kwa vidole.

Maumivu yalipanda hadi kwenye meno. Aliachia ufagio, akaanguka kwa ubavu kando ya mtaro, na mguu ukagonga ubao. Alipoutazama, plastiki ilikuwa imejaa damu na kitu kilikuwa kimeitoboa kwa ndani.

Wakati huo huo Hezekiah alikuwa anakuja na wilbaro yake ya vipande vya mbao. Alikuwa amechelewa siku hiyo kwa sababu ya kikohozi. Alipinda kona, akamwona mama mkwe wake mbele yake, na miguu yake ikaingia majanini kabla akili haijafika. Akasimama huko, ameupa mtaa mgongo, kofia mkononi, kama alivyofundishwa.

"Mulembe, mama," alisalimu akiiambia michongoma.

"Mulembe muno," Jael alijibu kutoka matopeni.

Sauti ilikuwa imetoka chini mno.

"Mama, umeanguka?"

"Nimeketi."

"Waya imetoka?"

"Sijui kama imetoka ama imeingia."

Hezekiah akageuka. Hakuweza kujizuia, na alipoona damu alipiga hatua mbili kubwa na mikono yake ikanyooka. Jael akapiga kelele iliyomshtua hata yeye mwenyewe.

"Usiniguse!"

Mikono ikabaki hewani. Ilikuwa mikono mikubwa ya seremala, imechanika, na sasa haikujua pa kwenda.

"Nimwite Maurine?"

"Yuko kazini."

"Muhonja?"

"Ameenda na mandazi yake."

"Sasa mama, tufanye nini?" Alikuwa karibu kulia, mwanamume mzima. "Nikikuacha nitakuwa nimekuua. Nikikushika nitakuwa nimekukosea."

Jael alitazama mtaro, akatazama ufagio uliokuwa unaelea, akatazama mbao. "Mwaga hizo kuni," alisema.

Hezekiah alizimwaga zote. Alitandika gunia ndani ya wilbaro, juu ya gunia akatandika koti lake, akaisogeza hadi ubavuni mwa mama mkwe, akashika mishikio kwa nguvu zote ili isiyumbe, na akageuza uso pembeni kabisa. Jael alijivuta. Alishika ukingo wa bati kwa mikono, akajisukuma kwa mguu mzima, akateleza, akarudia, gauni la safari likapanda magotini na hapakuwa na wa kulishusha. Mwisho alitumbukia ndani kwa kishindo, mguu mbovu umenyooka mbele juu ya gurudumu.

"Nimeingia," akasema.

Wakaondoka. Hezekiah alisukuma akiwa ametazama uzio wa kushoto. Wilbaro ikaingia kwenye shimo la kwanza na Jael akauma leso. Ikaingia la pili. Ikapanda jiwe, ikashuka jiwe, ikachota maji ya dimbwi yakamrukia hadi kifuani, na kila mara mkwe wake alisema "Pole mama" kwa uzio. Waya ikacheza ndani ya mfupa. Lilipokuja shimo la nne, ambalo hata kipofu angelikwepa kwa kusikia vyura, Jael alivunja kitu ambacho mama yake na nyanya yake hawakuwahi kukivunja.

"Hezekiah!"

Wilbaro ikasimama ghafla. Jael hakuwa amewahi kumtaja jina.

"Angalia barabara!"

"Nikiangalia barabara nitakuona, mama. Uko mbele."

"Basi nione! Utaniua na heshima yako!"

Akageuza uso, polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alichokatazwa tangu utotoni. Wakatazamana. Jael aliona kijana aliyekonda mashavu, nyusi zimejaa vumbi la mbao, macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri. Miaka mitatu ameoa kwake na hakuwa amejua kwamba ana kovu kidevuni. Huyu ndiye niliyemtoa kwake nje, aliwaza, na uchungu wa jambo hilo ukashinda ule wa kidole.

"Unalalanga juu ya maranda," alisema walipoanza tena.

"Maranda ni laini, mama."

"Na yanakohoza."

"Kidogo."

Sasa wilbaro ilikwenda vizuri, ikikwepa huku na kule. Walipotokea barabara kuu watu walianza kugeuka. Wasichana wawili wenye sare walifunika midomo. Mwendesha baiskeli mmoja akapunguza mwendo kando yao.

"Fundi! Hiyo kiti umetengeneza leo imekaa namna gani? Ni ya kuuza?"

Hezekiah aliinamisha kichwa. Jael ndiye aliyejibu, ameketi wima na matope hadi shingoni.

"Si ya kuuza. Na inajua kuongea na mamako."

Mwenye baiskeli alikanyaga pedali akaenda zake. Nyuma yake Jael alisikia sauti fulani, akadhani mkwe anakohoa. Alikuwa anacheka, na anajaribu kuficha.

*

Hospitalini daktari hakugomba. Alikata plastiki, akatazama, akapumua kwa pua. Waya ilikuwa imehama; haikuwa na kazi tena pale ila kualika usaha.

"Naitoa sasa hivi," alisema. "Itauma. Mtu ashike mguu usiruke."

Sista aliyekuwa zamu, Sellah, alikuwa na mikono imejaa pamba na chupa ya dawa. Alimpa Hezekiah ishara kwa kidevu. "Wewe kijana, shika hapa kwa kifundo. Kaza."

Hezekiah hakusogea. Alimtazama Jael, na Sista Sellah akaanza kukasirika, akauliza kama ni mguu wa mama yake au ni wa nani. Jael alichukua leso yake akajifunika uso.

"Shika," alisema kutoka chini ya kitambaa.

Akashika. Mikono ilikuwa ya moto, na ilikaza. Daktari akavuta. Jael alipiga yowe moja lililosikika hadi foleni ya nje, na waya ikalia ndani ya sahani ya chuma.

"Kidole hakikatwi," daktari alimwambia baada ya kumfunga upya. "Lakini mfupa haujashikana, na sasa utashikana unavyotaka wenyewe. Hakitakunjika kama nilivyotaka. Kupiga magoti, kuchuchumaa ukipalilia, hiyo sikuahidi tena."

"Na jembe?"

"La kusimama, utalishika. Si msimu huu. Lala wiki nyingine tatu, mama. Lala hasa, mguu juu."

Jael alisema "Asante daktari." Lakini waliporudi njiani, sasa kwenye wilbaro iliyofutwa na kutandikwa upya, alilia kidogo kidogo bila kujificha, na Hezekiah akamwona akilia wala hakugeuka. Alikuwa analilia magoti yake. Alikuwa analilia mistari ya mahindi ya Chekalini, ambako kuanzia sasa atakuwa anasimama pembeni akiwaonyesha wengine kwa fimbo.

*

Walipofika plot ya Shieywe, Hezekiah aliielekeza wilbaro kwenye mlango wake.

"Pita," Jael alisema.

"Mama, nyumbani ni hapa."

"Pita, nimesema. Mlango wa pili."

Muhonja alikuwa ameshatoka Shirere, ameketi mlangoni pake akichambua kunde. Alipowaona alisimama, na kunde zote zikamwagika. Mama mkwe kwenye wilbaro, mkwe nyuma yake anamtazama waziwazi. Kwa mtu kama Muhonja hiyo ilikuwa mali ya mwezi mzima.

"Muhonja," Jael alisema, "binti yangu aliniambia unakaa peke yako."

"Peke yangu, mama Maurine."

"Nataka pa kulala wiki tatu." Maneno yaliyofuata alikuwa ameyabeba kutoka hospitalini, na yalikuwa mazito kuliko mguu. "Na nina karai. Maurine atakuwa anakuja asubuhi na jioni, lakini mchana hayuko. Mchana itakuwa ni wewe."

Muhonja alimtazama, akamtazama Hezekiah na koti lake lililojaa damu, akatazama mlango uliofungwa wa nyumba yao. Ilionekana wazi kitu kinampanda kooni, na ilionekana wazi amekimeza.

"Karai kila mtu ako nayo, mama," alisema. "Yangu hata imetoboka."

"Na mdomo wako pia umetoboka. Huyu mtu hana mwanamke Shirere. Analala kwa maranda sababu yangu. Hiyo ndiyo utauza kesho pamoja na mandazi, unasikia?"

"Nimesikia."

"Useme vizuri, kama ulivyosema ile ingine."

Muhonja aliinama akaanza kuokota kunde, na shingo yake ilikuwa imeiva kwa aibu. Kisha akaziacha, akaja, akampitishia Jael mkono kwapani na kumnyanyua yeye mwenyewe, peke yake, kama beseni la unga. Hezekiah aliachia wilbaro. Alikuwa hajui kama anatakiwa kuaga au kuingia majanini.

"Enda kwako," Jael alimwambia, tayari uso umegeuzwa pembeni. "Uoge. Mke wako anarudi saa kumi na moja."

Jioni ile Jael alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha Muhonja, mguu juu ya gunia la unga wa ngano. Muhonja mwenyewe alikuwa amejitandikia mkeka, redio yake ndogo ikinong'ona dirishani. Karai lilikuwa limeshatumika mara moja. Muhonja alilibeba nje, akalirudisha limesuuzwa, akanawa mikono, na akaendelea na habari ya bei ya mafuta ya kukaangia pale pale alipokuwa ameiachia. Jael alikuwa ameutazama ukuta muda wote huo, na alipogeuka aligundua hakuna kilichovunjika.

Nyumba zile ziligawanywa kwa ukuta mwembamba wa matope usiofika mabatini. Upande wa pili walisikia mlango ukifunguliwa, Maurine akiita jina la mumewe kwa mshangao, kisha kimya. Kisha sufuria, maji, moto wa kuni kavu. Sahani ya bati ikagonga meza, ikaendelea kugonga, mtu aliyekula mandazi mawili mawili siku zote zile sasa anakula obusuma bwake, ugali wa moto, mezani pake. Maurine alicheka. Hezekiah alisema kitu chini chini, na Maurine akacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa cha aina nyingine, kifupi, na baada yake taa ya upande ule ikazimwa ingawa jua lilikuwa halijatua vizuri.

Muhonja aliinua kichwa kutoka mkekani. Macho yake yaliwaka, na mdomo wake ukafunguka.

"Muhonja," Jael alisema upesi, "hiyo redio yako, ongeza sauti."

"Ni matangazo ya vifo, mama."

"Ongeza," Jael alisema. "Ongeza mpaka mwisho. Nataka kujua nani amekufa."